Breki Dhaifu za Mazda MX-5 ya Zamani: Dhana Potofu na Ukweli

Kizazi cha kwanza cha Mazda MX-5, kilichozinduliwa mwaka 1989 na kuundwa hadi 1997, ni gari dogo la michezo la viti viwili, lenye uzito unaokaribia tani moja na breki za diski kwenye magurudumu yote manne. Gari jepesi namna hiyo likisimama kwa shida, au likiserereka mteremkoni ilhali breki ya mkono imevutwa hadi mwisho, kwa kawaida kasoro haiko kwenye usanifu wake bali kwenye matunzo, na matengenezo mengi yanayofanywa kwa nia njema hayafui dafu kwa sababu yanaanzia upande usiofaa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba breki ya mkono ikilegea, dawa yake ni kukaza waya. Ukweli ni kwamba waya ndio unaopaswa kuguswa mwisho. Katika gari hili waya huvuta mkono mdogo ulio nyuma ya kila kalipa ya nyuma (kifaa kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski), na mkono huo ndio unaosukuma pistoni ili pedi zibane diski. Pedi zikilika, au zikibadilishwa na fundi akasahau kurekebisha kalipa, nafasi kati ya pedi na diski huwa kubwa kuliko inavyotakiwa. Gari likiwa limewekwa juu ya stendi imara, magurudumu ya mbele yamezuiwa na breki ya mkono imeachiwa, hufunguliwa bolti ndogo iliyo nyuma ya kalipa, kisha alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4 huingizwa na kuzungushwa kufuata mwelekeo wa saa mpaka diski ikatae kuzunguka, halafu hurudishwa nyuma theluthi moja ya mzunguko. Kazi hiyo ikikamilika pande zote mbili, ndipo nati ya waya iliyo kwenye shina la mkono wa breki hurekebishwa, hadi mkono huo ukamate ndani ya milio 5 hadi 7 inayosikika unapovutwa. Anayeanza na waya huilazimisha mikono midogo ya kalipa ikae imevutwa muda wote, pedi zikawa zinasugua diski safari nzima, diski zikapata moto, na kasoro yenyewe ikabaki pale pale. Na ikiwa mkono wa kalipa haurudi wenyewe baada ya waya kufunguliwa, umeshikwa na kutu. Hapo kalipa inahitaji kufumuliwa au kubadilishwa, wala hakuna urekebishaji utakaoiokoa.

Wapo pia wanaoamini kuwa pistoni za nyuma hurudishwa ndani kwa kubanwa na jiliwa, kama zile za mbele. Kufanya hivyo huharibu utaratibu wa breki ya mkono uliomo ndani ya kalipa. Pistoni hurudishwa kwa alenki ile ile, ikizungushwa kinyume cha saa.

Kuhusu breki ya mguu, wengi husema breki dhaifu ni breki dhaifu tu, ilhali pedali yenyewe hueleza tatizo lilipo. Pedali inayozama kama sponji huashiria upepo ndani ya mfumo au mabomba ya mpira yaliyozeeka yanayovimba pedali inapokanyagwa. Pedali inayoshuka mbali kabla ya kukamata mara nyingi husababishwa na zile kalipa za nyuma zisizorekebishwa. Pedali ngumu isiyosimamisha gari huelekeza kwenye sevo (kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu), pini za kalipa zilizokwama, au pedi zilizoungua na kung'aa. Sevo hupimwa bila kifaa chochote: injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ishikilie hivyo, kisha washa injini, pedali ikishuka kidogo, sevo inafanya kazi.

Mafuta ya breki nayo hudhaniwa kuwa hayazeeki, hasa katika gari linalolala gereji. Mafuta ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama. Kiwango cha chini cha kuchemka cha DOT 4 ni nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, na 155 yakishaingiwa na maji, hivyo kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni jambo la lazima. DOT 5 ni ya silikoni, na isichanganywe kamwe na DOT 3 wala DOT 4 kwa kuwa tu namba yake ni kubwa zaidi. Wakati wa kutoa upepo, pedali ya gari la zamani isikanyagwe hadi sakafuni, kwa maana silpa (mipira ya kuziba) za masta, yaani silinda kuu ya breki, huburuzwa kwenye sehemu ya silinda ambayo hazijaifikia kwa miaka mingi, na kutu iliyoko huko huzichana.

Inabaki imani kwamba diski kubwa au zilizotobolewa hufupisha umbali wa kusimama. Mwaka 1994, toleo la lita 1.8 lilipoingia, Mazda yenyewe ilipanua diski za mbele kutoka milimita 235 hadi 255, na faida kubwa ya ukubwa huo ni kustahimili joto la kufunga breki mara kwa mara. Ikiwa breki za asili, baada ya kutengenezwa, zinaweza kufunga magurudumu kwenye lami kavu, kinachoamua umbali wa kusimama ni tairi, na fedha za diski mpya zingefaa zaidi kununua tairi nzuri.