Spishi fiche, na mahali DNA inapokomea

Habari za samaki wa maji baridi zikipita kwenye simu za watu hapa Mombasa, hukosi mtu wa kutangaza, "DNA imegundua samaki mpya!" Mwengine ataongeza kuwa hao ni machotara wa tilapia wa kufugwa. Nimeyasikia Kongowea na barazani, na juzi nikayasikia redioni, tena kwa sauti ya mtu asiye na shaka hata chembe.

Spishi fiche ni spishi mbili au zaidi zinazofanana umbo hata zikaitwa jina moja, ilhali kinasaba zilishatengana zamani. Basi. Chotara ni mtoto wa spishi mbili zilizokutana, na huku tunazungumzia walioachana.

Kuachana huko mtu wa Pwani hahitaji ramani kukuelewa. Changu wa Malindi akitaka kwenda Lamu, bahari ni moja. Lakini samaki mdogo wa jenasi ya Enteromius aliyeko Sabaki, akifika mlangoni mwa mto pale kaskazini mwa Malindi, ndio mwisho wa safari: chumvi haimpi nafasi ya kufuata ufuo mpaka Kipini akaingie Tana. Wa mto huu wakizaana huku na wa ule kule kwa muda mrefu sana, DNA zao hupishana hata kama magamba na mapezi yamebaki vilevile.

Kuwapima, hukatwa kipande kidogo cha pezi, kikahifadhiwa kwenye spiriti, kisha maabara husoma sehemu ya jeni iitwayo COI, herufi za DNA kama 650. Jeni hiyo ni ya mitokondria, yaani vijumba vya nishati ndani ya seli, vyenye DNA yao wenyewe. Njia hii, msimbopau wa DNA, ilipendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Tofauti ya asilimia 2 hivi mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya spishi mbili.

Dalili, si hukumu. Hapa ndipo ninapokosana na yule wa redioni.

Mitokondria hurithiwa kwa mama. Ikiwa zamani jike wa spishi moja alizaa na dume wa nyingine, na kizazi chao kikaendelea kuzaana na jamaa za baba, leo utamkuta samaki ambaye karibu kila kitu mwilini mwake ni cha ukoo wa baba, ila mitokondria ni za ugenini. Ukisoma COI peke yake utamwandika kwenye ukoo usio wake. Utafiti wa Enteromius wa Kenya uliochapishwa 2017 ulikuta hasa jambo hili, na ukakuta pia koo ambazo hazikuwa zimetambuliwa. Yote mawili yalionekana kwa sababu watafiti walilinganisha mitokondria na jeni za kiini cha seli. Kwa hivyo uchotara kweli umo kwenye kisa hiki, lakini kama mtego wa mpimaji.

Na kuna kinyume chake. Fulu wa Ziwa Victoria ni mamia ya spishi, wengi wakitofautiana rangi, meno na chakula, lakini walichipuka upesi mno, katika miaka kama 15,000 tu, hivi kwamba msimbopau hushindwa kuwatenganisha. Macho yanaona wengi, COI inaona mmoja. Anayesema DNA ndiyo mwamuzi wa mwisho na awaeleze fulu.

Hilo neno "mpya" nalo lina mpaka wake. Chiloglanis kerioensis, kambare mdogo mwenye mdomo wa kunyonya mawe, alipewa jina mwaka 2015, baada ya umbo lake pia kupimwa na kuelezwa. Mto Kerio alikuwamo tangu hapo. Kilichokuwa kipya ni jina.

Kabla ya kazi hiyo ya kueleza kukamilika, wataalamu wenyewe huandika kwa tahadhari: *Enteromius* cf. *paludinosus*. Hiyo cf. ni ufupisho wa Kilatini wa "linganisha", yaani anafanana na *paludinosus*, bado hatujaamua kama ndiye. Redioni ingetosha kusema: "DNA imeonyesha ukoo uliojitenga, na wataalamu wanaendelea kuuchunguza."