Paka au Mbuzi Amekula Dawa ya Panya: Acheni Maziwa, Muwahisheni

Swali: Dawa ya panya inamdhuru vipi mnyama?
Inategemea ni dawa gani. Ziko zinazozuia damu kuganda, kama bromadiolone: mnyama anaonekana mzima siku mbili tatu, kisha anavuja damu. Hizo zina tiba, nayo ni vitamini K1. Leo nataka kuzungumzia zile zinazovuruga ubongo na mishipa ya fahamu, kwa sababu zinaua ndani ya saa chache.

Swali: Zinavurugaje?
Kwanza fosfidi ya zinki, ule unga wa kijivu kilichoiva. Ukikutana na asidi ya tumboni unatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaingia kwenye damu na kuzizuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Ubongo, moyo na mapafu ndivyo vinavyoumia sana. Mnyama anatapika, anahema, anakimbia ovyo, kisha anapata degedege.

Pili, dawa za wadudu wa shambani ambazo watu wanachanganya na dagaa kutegea panya. Mshipa wa fahamu unauamuru msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kazi ikiisha kimeng'enya maalumu, yaani protini inayovunja kemikali mwilini, kinaifuta. Sumu hizi zinakizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo amri haikomi: mate yanachuruzika, macho yanatoka machozi, mboni zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inatetemeka mpaka ile ya kupumulia inachoka. Hapa atropini, dawa anayoichoma daktari, inaokoa, ikiwahi.

Swali: Nimpe maziwa kwanza?
Hapana. Maziwa hayaui sumu. Karibu kila paka anayeletwa kwetu amechelewa, na kidevu chake kimeganda maziwa. Mnyama anayetetemeka hawezi kumeza sawasawa, kwa hiyo ukimnywesha kwa nguvu unayapeleka mapafuni. Na kama amekula fosfidi, kulijaza tumbo kunachochea asidi, na asidi inazidisha gesi.

Swali: Basi tui la nazi, au mafuta kidogo?
Hapana, hapana. Mafuta yanaweza kuisaidia sumu kupenya. Si maziwa, si tui, si samli, si yai bichi. Na mkaa wa jikoni uliosagwa si mkaa wa dawa, ule ambao madaktari hutumia kunasa sumu tumboni.

Swali: Ametapika na sasa ametulia. Nisubiri asubuhi?
Usisubiri! Dalili za fosfidi mara nyingi huanza ndani ya saa nne, na mnyama aliyetulia huenda amechoka tu. Wengi wanatuambia "tulimwangalia kwanza". Mlikuwa mnaangalia nini? Mpigie daktari wa mifugo wa wilaya yako saa hiyo hiyo, uwe Wete au Mkoani kule Pemba, au Unguja mjini.

Swali: Nimpeleke vipi?
Mtie ndani ya pakacha au boksi lenye hewa, pasiwe na kelele wala mwanga mkali. Chukua pakiti ya dawa au chembe zilizobaki, na ukumbuke saa aliyokula. Usimtapishe mwenyewe. Matapishi usiyainamie wala kuyanusa. Yakitoa harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, hiyo ni gesi, nayo inamdhuru binadamu pia. Fungua madirisha, watoe watoto. Mtoto akionja dawa, ni hospitali papo hapo, na pakiti mkononi.

Swali: Mbuzi anakata roho. Tumuwahi kwa kisu asife kibudu?
Swali hili linanikosesha usingizi. Kisu hakitoi sumu nyamani. Mkimpasua tumbo, gesi iliyomo inawapiga usoni. Nyama hiyo msile, wala msimpe jirani. Mzikeni shimo refu, mbali na kisima, na panya waliokufa wazikwe vivyo hivyo. Paka na kuku wanawaokota.

Swali: Panya wanamaliza mchele. Tufanyeje?
Tegeni mitego, mchele utieni kwenye ndoo yenye kifuniko, makombo yasilale ukumbini. Ikibidi dawa, nunueni yenye lebo inayosomeka, muiweke ndani ya kasha lenye tundu la kupita panya peke yake. Ile inayouzwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti, bila jina, msiinunue kabisa: mnyama akiila, hata daktari hajui aanze na tiba gani.