Saa za vurugu wodini: maana yake

Chukua kitabu cha matukio cha wodi ya wagonjwa wa akili, upange kila ngumi na kila kiti kilichorushwa kwa siku na saa yake. Utaona matukio yamerundikana vipindi fulani, na vipindi vingine ni vitupu. Huo ndio mpangilio wa vurugu kwa wakati.

Rundo kubwa huwa siku za kwanza baada ya mgonjwa kulazwa. Mtu ameletwa, pengine amefungwa kamba na ndugu zake mwenyewe, hajalala siku kadhaa, na sauti anazozisikia bado ni kali. Dawa za kutuliza saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo, huchukua siku hata wiki kabla hazijashika vizuri. Juu ya hayo, mlango umefungwa na waliomzunguka hawajui. Mwenye hofu ya namna hiyo hujihami. Dawa zikishika na sura za wauguzi zikizoeleka, matukio hupungua. Wagonjwa wengi, tena walio wengi sana, hulazwa na kuruhusiwa bila kumpiga mtu. Sehemu kubwa ya matukio hutoka kwa wachache.

Siku nayo ina saa zake. Usiku, watu wakilala, huwa shwari. Mchana matukio huelekea kukusanyika saa za chakula, za dawa na za kukabidhiana zamu: foleni, kelele, mgonjwa anaomba kumpigia mamake simu na kuambiwa "subiri" kwa mara ya tatu, wauguzi wote wamejifungia kwenye ripoti. Tukumbuke kwamba ratiba hiyo imepangwa na hospitali. Kumtupia mgonjwa lawama yote ni kumwonea.

Na mwezi mpevu? Wengi wanaamini kwamba huchochea vurugu, lakini tafiti hazijaonyesha uhusiano wa kutegemewa.

Kwa kuwa hatari hubadilika kwa saa, kuipima mara moja tu siku ya kulazwa hakutoshi. Kipimo cha Brøset, kilichobuniwa Norway, hujazwa kila zamu. Muuguzi huangalia mambo 6: kuchanganyikiwa, kukereka upesi, makelele, vitisho vya maneno, vitisho vya mwili, na kushambulia vitu. Kila dalili iliyopo ni alama 1, na jumla hukadiria hatari ya saa 24 zijazo. Zikifika 3 au zaidi, timu hupanga mapema: nani anayemwamini akakae naye, apelekwe wapi penye utulivu, na lile ombi lake la simu lijibiwe sasa.