Jalada la toleo jipya ni nini hasa?

Mwalimu anasema, "Fungueni ukurasa wa 45." Nusu ya darasa inakuta shairi, nusu nyingine inakuta mazoezi ya sarufi. Wote wameshika kitabu chenye jina lile lile, mwandishi yule yule, hata picha ya mbele ile ile. Kumbe wengine wana toleo la pili, wengine la tatu, na jalada halikuwaambia.

Tutenganishe kwanza maneno mawili ambayo hata wauza vitabu huyachanganya. Chapa ni kukirudisha kitabu mtamboni kama kilivyo, pengine baada ya kurekebisha makosa madogo ya herufi. Toleo ni kitabu kilichofanyiwa kazi upya: sura zimeongezwa, takwimu zimebadilishwa, yaliyopitwa na wakati yameondolewa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwa mfano, ilitoka 1981, toleo la pili likaja 2004 na la tatu 2013. Mwenye la 1981 na mwenye la 2013 hawana kamusi moja.

Tofauti hiyo inaligusa jalada moja kwa moja. Ukibadilisha jalada tu na yaliyomo yakabaki yale yale, namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, haibadiliki. Likiwa toleo jipya kweli, kitabu hupata ISBN yake, na mistari myeusi ya nyuma inayosomwa na mashine ya dukani hubadilika pia. Msanifu akihangaika na mbele peke yake akasahau nyuma, duka litaagiza toleo la tatu na kompyuta itasema ni la pili.

Halafu kuna mgongo, sehemu ambayo waandishi wengi hawaifikirii mpaka mchapaji apige simu. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa takriban milimita 0.1, na kila karatasi ina kurasa mbili. Kitabu cha kurasa 200 kina mgongo wa kama milimita 10. Ukiongeza sura tatu kikafika kurasa 260, mgongo unakuwa 13. Jalada la zamani likivalishwa hapo, maandishi ya mgongoni yatateleza kuelekea ubavuni. Kwa hiyo hata anayependa jalada lake la awali kuliko mboni ya jicho lake lazima alipange upya, na vipimo vya mwisho hutolewa baada ya kurasa kuhesabiwa, si kabla.

Picha nayo ina mwenyewe. Kama mchoraji alilipwa kwa ajili ya toleo la kwanza tu, mkataba usomwe kabla ya kuitumia tena.

Sasa uchaguzi wenyewe. Jalada hili lina kazi mbili zinazovutana: msomaji wa zamani alitambue, na asilichanganye na alilonalo. Kampuni ya uchapishaji ya O'Reilly ya Marekani imelimudu jambo hili vizuri. Kitabu chake cha Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kilitoka 1991 kikiwa na ngamia mbele, na matoleo yaliyofuata yakabaki na ngamia, hata watu wakakiita kitabu cha ngamia. Alama moja imeshikiliwa, mengine yakaachwa yabadilike. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia: chagua kitu kimoja cha kubaki, iwe mchoro au mwandiko wa jina, kisha badilisha rangi kwa ujasiri. Kugeuza kijani kuwa kijani kilichokolea si kubadilisha.

Na namba ya toleo iandikwe mbele, kwa herufi zinazosomeka mtu akiwa amesimama na kitabu kikiwa rafuni: "Toleo la 3". Wengi hupenda kuandika "Toleo Jipya". Pita kwa wauza vitabu vilivyotumika uone vilivyofifia kwa jua, kurasa zimegeuka njano, na mbele bado vinajiita vipya.