"Sisi nani atatudukua?" Dhana potofu kuhusu ulinzi wa mifumo ya umeme, maji, bandari na hospitali

Kila bajeti ya usalama wa mtandao inapojadiliwa kwenye shirika la umeme, maji, bandari au afya katika nchi zinazoendelea, husikika hoja zile zile. Wanaozitoa si wajinga. Wengi ni wahandisi wa miaka mingi, na baadhi ya hoja zao ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayogharimu.

"Nchi yetu ni maskini, nani atahangaika nasi?"

Februari 2016 wezi waliingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo, kupitia SWIFT, mtandao ambao benki hutumia kutumiana maagizo ya fedha, ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka kwenye akaunti yake iliyoko New York. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 ziliishia Ufilipino na sehemu kubwa haikurudi. Aprili 2022 ikawa zamu ya Costa Rica. Genge la wadukuzi la Conti liliifungia Wizara ya Fedha mifumo yake na kudai kikomboleo. Rais Rodrigo Chaves akatangaza hali ya dharura Mei 8, siku aliyoingia madarakani, na kabla Mei haijaisha mfuko wa hifadhi ya jamii unaoendesha hospitali za umma nao ukashambuliwa. Wahudumu wa afya wakarudia kalamu na karatasi.

Wengi wa washambuliaji hawachagui nchi. Programu zao huzunguka intaneti nzima kama mwizi anayetikisa vitasa vya mtaa mzima usiku: mlango uliokutwa wazi ndio unaoingiwa. Wengine wana sababu za kisiasa. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliuelemea eCitizen, mfumo wa huduma za serikali ya Kenya mtandaoni, kwa mafuriko ya maombi bandia, hadi wageni waliotakiwa kuomba viza mtandaoni wakaruhusiwa kuipata wakishawasili.

"Mitambo yetu haijaunganishwa na intaneti"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa karibu. Mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz, Iran, ilitengwa kabisa na intaneti, lakini kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kiliifikia, na moja ya njia zake za kusambaa ilikuwa flashi.

Mashirika mengi hayahitaji adui wa kiwango hicho. Fungua kabati la chuma kwenye kituo cha kusukuma maji. Ndani kuna kidhibiti cha pampu, na pembeni yake kimodemu chenye laini ya simu, kinawakawaka taa ya kijani. Kiliwekwa na mkandarasi siku ya kukabidhi mradi ili aweze kurekebisha hitilafu akiwa kwao. Mradi ulikwisha, mkandarasi akaondoka, modemu ikabaki. Haimo kwenye daftari la mali za shirika, na nenosiri lake ni lile lililotoka nalo kiwandani. Mwulize meneja kama kituo kimeunganishwa na intaneti. Atakuapia kwamba hakijaunganishwa, na atakuwa anasema anachokijua.

Tusidhani ni tatizo la maskini pekee. Novemba 2023 mamlaka ya maji ya mji mdogo wa Aliquippa, Pennsylvania, ilikuta kidhibiti chake cha Unitronics kimeandikwa ujumbe wa wadukuzi. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikitoka kiwandani na nenosiri 1111, na vingi viliachwa wazi kwenye intaneti. Mafundi walilazimika kuendesha kituo kwa mkono.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji programu ya gharama. Inahitaji watu wawili wenye karatasi, wapite kituo kwa kituo, wafuate kila waya mpaka mwisho wake na waandike kila kifaa, nani anakifikia na kwa nenosiri gani. Kazi hiyo inachosha, na hakuna mfadhili anayeikatia utepe.

"Mitambo ya zamani haidukuliki"

Kuna ukweli hapa, ila watu huuweka mahali pasipo pake. Desemba 23, 2015 watumishi wa kampuni ya usambazaji umeme magharibi mwa Ukraine walitazama kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini na kukata umeme, kituo kimoja baada ya kingine. Kampuni tatu zilishambuliwa, na wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Wadukuzi walikuwa wameingia miezi mingi kabla, kwa viambatisho vya barua pepe. Hata hivyo umeme ulirudi ndani ya saa chache, kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni na kurudisha swichi kwa mikono.

Kilichowaokoa ni watu waliojua kufanya hivyo na swichi zilizokubali. Ukongwe wa kifaa peke yake haulindi chochote: itifaki nyingi za zamani za viwandani, yaani lugha ambazo vifaa hutumia kuwasiliana, hutii amri yoyote bila kuuliza inatoka kwa nani. Na hapa nina ugomvi na miradi ya kuboresha mitambo. Mara nyingi inaondoa vishikio vya mkono na kuwastaafisha mafundi waliovizoea kwa mkupuo mmoja. Nchi zinazoendelea bado zina watu wengi wanaoweza kuwasha mtambo kompyuta ikiwa imezimwa. Kuwapoteza watu hao ni hasara kubwa kuliko kukosa mfumo wowote wa kugundua wadukuzi. Afadhali kituo kiendeshwe kwa mkono siku moja kila mwaka, kwa makusudi, vijana wakiangalia.

"Tuna nakala rudufu"

Nakala hizo za akiba ziko wapi? Kama ziko kwenye mtandao ule ule, mshambuliaji naye anazo. Juni 2024 maabara za taifa za Afrika Kusini, NHLS, zilishambuliwa na nakala rudufu nazo zikafutwa. Mashine za kupimia sampuli ziliendelea kufanya kazi, lakini majibu hayakuwafikia madaktari kwa njia ya kawaida. Ya dharura yalisomwa kwa simu. Nakala moja lazima ikae imechomolewa, na lazima mtu awe amewahi kujaribu kurejesha mfumo kwa kuitumia.

Kampuni ya meli ya Maersk ilijifunza hilo kwa bahati. Kirusi cha NotPetya kilipoisambaratisha Juni 2017, seva zake zilizohifadhi majina na ruhusa za watumiaji zilifutwa duniani kote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko, seva ikawa nje ya mtandao wakati wa shambulio. Pengine ndiyo mara pekee kukatika kwa umeme kumestahili shukrani.

"Hiyo ni kazi ya watu wa IT"

Mtu wa IT anataka kusasisha programu leo na kuwasha upya. Mwendesha mtambo hawezi kuzima jenereta kwa ajili ya hilo. Anasubiri matengenezo ya mwaka. Wote wawili wana haki, na wasipokaa pamoja hakuna kinachofanyika.

Tena milango mingi iko nje ya idara zote mbili. Mwaka 2021 wadukuzi waliingia Colonial Pipeline, bomba kubwa la mafuta Marekani, kupitia akaunti ya zamani isiyotumika tena, iliyolindwa na nenosiri tu. Kufunga akaunti kama hizo huanzia kwa ofisi ya utumishi: ndiyo inayojua nani ameondoka. Huko Maroochy, Australia, mwaka 2000, mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi na kunyimwa ajira na halmashauri alitumia redio na kompyuta kumwaga lita zipatazo 800,000 za maji taka.

Idara yenye nguvu kuliko zote, nadhani, ni ya ununuzi. Mitambo mingi inakuja kwa mkopo au kwa mkandarasi aliyetaja bei ya chini, na mkataba ndio nafasi pekee ya kuuliza: manenosiri yatakabidhiwa lini na kwa nani, njia ya kuingia kutoka mbali itafunguliwa kwa idhini ya nani na kufungwa baada ya muda gani, masasisho yatatolewa kwa miaka mingapi? Mkataba ukishasainiwa, kila jibu linakuja na ankara.

"Sheria ikipita, tumemaliza"

Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaohusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, ulipitishwa Juni 2014, ukaanza kutumika Juni 2023. Washambuliaji hawakusubiri miaka hiyo tisa.

"Tukishambuliwa, tukae kimya tusijiaibishe"

Shirika jirani huenda lina kidhibiti kile kile, kilichofungwa na mkandarasi yule yule. Likipata habari siku hiyo hiyo, linaweza kuchomoa waya kabla halijafikiwa. Sheria isiyomwadhibu anayetoa taarifa mapema husaidia sana hapa. Husaidia pia kuandika namba ya kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni kwenye karatasi na kuibandika chumba cha udhibiti, kwa sababu siku hiyo barua pepe na orodha ya simu za ofisi navyo havitafunguka.