Shilingi kumi za saiba: yanayoaminiwa kuhusu bei ya kuprinti Nairobi, na ukweli wake

Nimekaa nyuma ya kaunta ya saiba, yaani duka la intaneti, fotokopi na kuprinti, miaka 9, minne katikati ya jiji karibu na Tom Mboya, iliyobaki mtaani huku Eastlands. Swali nililolisikia kuliko yote ni hili: "Ukurasa mmoja kumi? Karatasi moja tu?" Wengi wanaouliza hivyo ni watu wanaotafuta kazi. Kijana anayeomba kazi ya serikali mara nyingi hutakiwa kuwa na cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi), cheti cha kodi cha KRA (mamlaka ya kodi), cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), cha EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na cha CRB (kampuni za rekodi za mikopo), zile karatasi ambazo watu wanaziita za Sura ya Sita, ile sura ya Katiba inayohusu uadilifu. Ongeza CV, barua ya maombi na kopi za vyeti vya shule. Akiomba kazi tatu kwa mwezi mmoja, hizo kumi kumi zimeshakula nauli na chakula cha mchana. Kwa hivyo sitamwambia mtu kwamba shilingi kumi ni kitu kidogo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mara nyingi pesa ya mteja haipotelei pale anapodhani.

Bei nitakazotaja ni zile tulizozoea: fotokopi 3 hadi 5, kuprinti nyeusi 10, rangi 20 hadi 50, kutegemea mtaa na mashine.

"Rimu ni mia sita, kwa hivyo karatasi ni shilingi moja. Mnatuibia."

Hesabu ya karatasi iko sawa. Rimu ina karatasi 500, na ukiinunua kwa 600, karatasi moja ni shilingi 1 na senti 20. Lakini karatasi tupu si ndiyo uliyoijia. Umejia maandishi yaliyo juu yake, na hayo yana hesabu yake.

Mashine nyingi za saiba ni za leza. Hazitumii wino wa maji, zinatumia tona, ambayo ni unga mkavu laini sana wenye plastiki ndani. Unga huo hushikwa na ngoma, yaani silinda ndani ya mashine, iliyochajiwa umeme, unahamia kwenye karatasi, kisha karatasi inapita katikati ya roli za moto wa karibu nyuzi 200 na unga unayeyuka na kugandia. Ndiyo maana ukurasa unaukamata ukiwa bado na joto la mkate. Unga huo ndio wenye gharama. Katriji (kikasha cha tona) ya HP 85A, ambayo utaikuta kwenye saiba nyingi ndogo, imekadiriwa kurasa 1,600. Mwenye duka akiinunua kwa shilingi 8,000, tona peke yake ni shilingi 5 kila ukurasa, kabla hajalipa kodi ya chumba, stima, intaneti na kijana anayekaa kwenye kompyuta. Ndiyo sababu wengi hupeleka katriji kwa fundi ijazwe upya, na wenye mtaji hununua mashine kubwa kama zile za Kyocera ambazo ngoma yake imeundwa kudumu, mwenye nayo akawa anaongeza tona tu. Hapo gharama ya ukurasa inashuka sana, na duka lenye mashine hiyo linaweza kukufanyia bei ambayo jirani yake hawezi.

Kuna jambo jingine ambalo hata wahudumu wengi hawalijui. Zile kurasa 1,600 hupimwa kwa kurasa za majaribio zilizowekwa na kanuni ya kimataifa, ISO/IEC 19752, ambapo tona hufunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi. Yaani barua ya kawaida: mistari, na nafasi nyeupe nyingi. Ukileta bango lenye mandhari nyeusi, hiyo hesabu imevunjika.

Usiku mmoja mama mmoja aliniletea picha ya kitambulisho aliyoipiga kwa simu, kitambulisho kikiwa juu ya kochi la kijani, chini ya balbu. Alitaka kopi nyeusi ya kawaida. Nilimgeuzia skrini akaona: kochi zima lingetoka kijivu kizito hadi kwenye kona za karatasi, na kitambulisho chenyewe kidogo katikati, uso hautambuliki. Tona ikifunika nusu ya karatasi, huo ukurasa mmoja umekula tona ya barua kumi, na bado ofisi itaukataa. Tulikata picha, tukaing'arisha, ikatoka ya kusomeka. Lakini angekuja na kitambulisho chenyewe mkononi, fotokopi ya mbele na nyuma kwenye karatasi moja ingemaliza kazi kwa dakika moja. Kama huna budi kupiga picha, weka kitambulisho juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, mchana.

"Fotokopi na kuprinti ni kitu kimoja, basi bei iwe moja."

Kwa mashine ni kitu kimoja, tena mara nyingi ni mashine ileile. Tofauti ni mtu. Fotokopi, unaweka karatasi kwenye kioo, unabonyeza. Kuprinti, kuna kompyuta, kuna kufungua barua pepe, kusubiri mteja akumbuke neno la siri, kushusha faili, kurekebisha pambizo, na wakati huo wateja wanne wamesimama nyuma yake. Shilingi 10 inalipia hizo dakika.

Ukilielewa hilo unaokoa pesa leo hii. Katibu wa chama anayetaka nakala 30 za ajenda ya ukurasa mmoja asiprinti 30. Aprinti moja kwa 10, zile 29 zitolewe fotokopi. Kwa shilingi 5 kila kopi, jumla ni 155 badala ya 300, na penye fotokopi ya 3 ni 97. Maandishi meusi yanatoka safi kabisa. Picha ndizo hufifia kidogo, kwa hivyo cheti chenye picha ya pasipoti ni heri kiprintiwe kila mara kutoka kwa faili.

"Kuna rangi kidogo tu hapo, mstari mmoja, mtanihesabia nyeusi."

Mashine ya rangi haioni "kidogo". Nyingi zina kaunta mbili ndani, ya kurasa nyeusi na ya kurasa za rangi, na ukurasa wenye nukta moja ya bluu unaingia kwenye kaunta ya rangi. Duka lililokodi mashine kwa mkataba hulipa kampuni kwa kufuata kaunta hizo. Na sehemu ambayo rangi hujificha zaidi ni CV: ile anwani ya barua pepe ambayo kompyuta imeigeuza ya bluu na kuipigia mstari. Nimeona watu wakilipa 30 kwa sababu ya anwani hiyo tu, bila kujua. Sema tangu mwanzo, "nitolee nyeusi yote."

Kwa wanafunzi, hapa ndipo panapouma. Mradi wa mwaka wa mwisho wenye kurasa 84, sita kati yake zikiwa na grafu za rangi, ukiprintiwa wote kama rangi kwa 30 ni shilingi 2,520. Ukitenganishwa, kurasa 78 kwa 10 na sita kwa 30, ni 960. Chuo kikitaka nakala tatu, tofauti inafika 4,680. Andika namba za kurasa zenye rangi kwenye kijikaratasi na umpe mhudumu. Atakayekataa kutenganisha, mwache. Karibu na vyuo maduka ni mengi, la pili halitakataa.

"Nikiweka pande mbili nalipa nusu."

Duka linahesabu pande zilizochapwa, halihesabu karatasi. Tona ni ileile pande zote mbili. Kilichookolewa ni karatasi moja, ile ya shilingi 1 na senti 20, kwa hivyo ukipunguziwa shilingi moja au mbili umepewa haki yako.

Ila kuna wakati pande mbili si suala la bei. Fomu ya alama za vidole ya cheti cha tabia njema, C24, inatakiwa iwe karatasi moja, mbele na nyuma. Mwaka wangu wa kwanza kazini sikulijua hilo. Dada mmoja alikuja saa moja asubuhi, nikamtolea fomu kwenye karatasi mbili, nikazibana kwa stepula vizuri, akalipa 20 akaenda. Saa saba alirudi. Alikuwa amepanda matatu, amepanga foleni, amefika dirishani, akaambiwa akaprinti upya. Hakunipigia kelele. Aliweka zile karatasi mbili kwenye kaunta, stepula ikiwa bado imebana, akaniuliza, "Kaka, hii kazi si unaifanya kila siku?" Nilimtolea upya bila malipo, lakini nauli yake na siku yake sikuweza kuvirudisha. Tangu siku hiyo, mtu akitaja cheti cha tabia njema, mkono wangu unakwenda kwenye pande mbili kabla hajamaliza kusema. Wewe pia sema, usimwachie mhudumu akumbuke. Makosa ya namna hii ndiyo ghali hasa, na hayaandikwi kwenye ule ubao wa bei ukutani.

"CV yangu iko sawa kwenye simu, itatoka hivyohivyo."

Kama ni faili la Word, hakuna anayeweza kukuhakikishia. Herufi ulizotumia kwenye simu zikikosekana kwenye kompyuta ya duka, kompyuta inachagua nyingine, pana kidogo, na mistari inasukumana. CV ya ukurasa mmoja inakuwa kurasa mbili, ule wa pili ukiwa na jina la mdhamini wa mwisho na nambari yake ya simu peke yake kule juu. Umelipa 20, na mwajiri anaona mtu asiyejipanga. Hifadhi kama PDF kabla hujatoka nyumbani.

Vielelezo vingi vya CV kwenye intaneti vimetengenezwa kwa karatasi ya Marekani, Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Hapa kwetu ni A4, 210 kwa 297. Mashine nyingine zikipokea faili la namna hiyo husimama, taa inawaka na kuzima, ikidai karatasi ambayo duka halina. Foleni yote inasimama nayo. Badilisha saizi kabla ya kuhifadhi.

Na kwenye WhatsApp, tuma cheti kama hati, usitume kama picha. Picha inabanwa ipungue uzito, na mhuri uliosomeka vizuri kwenye simu unatoka ukiwa na ukungu.

"Bora ninunue printa yangu."

Kuna ambao ni bora kweli: mwalimu anayetoa mitihani, wakili mdogo, mwenye duka la mtandaoni. Printa za tangi kama Epson L3110 hutoa takriban kurasa 4,500 nyeusi kwa chupa moja ya wino, na kwa mtu wa kazi nyingi hakuna saiba itakayoshindana nayo. Lakini printa ukiinunua kwa 25,000, hiyo ni kurasa 2,500 za saiba. Anayeprinti kurasa 10 kwa mwezi zitamchukua zaidi ya miaka 20. Na printa ya wino ikikaa bila kazi, wino hukauka kwenye vitundu, na kuisafisha kunatumia wino uleule.

"Mjini ni ghali, mtaani ni nafuu."

Mara nyingi ni kinyume. Karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi na kwenye vichochoro vya River Road maduka yamebanana na kazi ni nyingi, kwa hivyo bei iko chini. Lakini ukitoka Kayole, huku Eastlands, kwenda mjini kuokoa shilingi 5 kwa kila ukurasa, na una kurasa 12, umeokoa 60 na nauli ya kwenda na kurudi imezila zote. Mjini nenda na kazi ya kurasa mia.

"Nikishalipa, tumemalizana."

Kwenye kompyuta ya saiba kuna folda ya vitu vilivyoshushwa. Fungua siku moja uone: vitambulisho vya watu, vyeti vya PIN ya kodi, taarifa za benki, barua za hospitali, vyote vya watu waliokwenda zao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za mtu azilinde, na asikae nazo baada ya kazi kwisha. Saiba nyingi hazifuti, si kwa ubaya, ni kwa sababu ya foleni. Lakini mtu akizipata anaweza kukopa kwa jina lako, na mkopo huo utakugharimu kuliko ukurasa wowote wa rangi.

Mwambie mhudumu afute faili lako mbele yako, na pipa la takataka la kompyuta alisafishe pia. Kama ulifungua WhatsApp yako pale dukani, shika simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uitoe ile kompyuta. Kama ulifungua barua pepe, hakikisha umetoka. Fanya hayo ukiwa bado umesimama kwenye kaunta, karatasi zako zikiwa bado na joto mkononi.