Je, wajua kuna bakteria wanaoishi ndani ya sumu ya nyoka?

Ukiwa bakteria, sumu ya nyoka si mahali pa kuishi. Imejaa vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemikali, vinavyotoboa utando wa seli. Hata ile rangi ya njano ya sumu ya nyoka wengi ni ya kimeng'enya ambacho, kikikutana na asidi amino (vipande vinavyojenga protini), hutoa haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile ya kuoshea vidonda. Ndiyo maana kwa miaka mingi iliaminika kwamba sumu haina kijidudu chochote. Kidonda cha mtu aliyeumwa kikitunga usaha, lawama ilitupiwa kinywa cha nyoka, kwa kuwa panya anayemezwa mzimamzima mara nyingi hujinyea humo humo.

Mwaka 2022, utafiti ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Northumbria cha Uingereza uliitikisa imani hiyo. Zilichunguzwa sumu na tezi za aina tano za nyoka na mbili za buibui. Jamii za bakteria zilitofautiana kulingana na mnyama, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa: uchafu wa kuokoteza tu usingefuata mpangilio huo. Na katika sumu ya swila mwenye shingo nyeusi, yule anayetema, walipatikana bakteria walio hai kabisa. Miongoni mwao alikuwamo Enterococcus faecalis, mkazi wa kawaida wa utumbo wa binadamu na wanyama.

Anastahimili vipi? Jibu limo kwenye jeni zake. Bakteria hao wa swila walikuwa na jeni 45 za ziada, na karibu nusu ya hizo kazi yake ni kuimarisha utando wa seli, yaani palepale sumu inapopiga. Walikuwa pia na jeni 16 zinazohusiana na uwezo wa kusababisha maradhi.

Hapo ndipo suala linapomgusa mgonjwa. Sumu ya swila huyu huozesha nyama kuzunguka jeraha, na nyama iliyokufa haipitishi damu, kwa hiyo askari wa mwili na antibiotiki hazifiki vizuri. Dawa ya sumu ya nyoka nayo hunasa protini za sumu tu, bakteria haiwagusi. Kwa hiyo jeraha la namna hii linahitaji kuangaliwa mapema kama linaloweza kuwa na maambukizi tangu meno yalipoingia, na usaha wake upimwe maabara ili ijulikane ni antibiotiki ipi itafanya kazi.